Rushwa kubwa haiji na bahasha, inakuja na ankara

Nilipotea kidogo kwa sababu ya majaribio na zile kazi za kikundi ambazo kikundi kina watu kumi lakini anayeandika ni mmoja (safari hii zamu ilikuwa yangu). Sasa nimepumua, na kuna jambo limenikaa rohoni. Bora nilitue hapa.

Kwenye semina moja hivi tuliulizwa kama biashara kati ya nchi na nchi inaweza kwenda bila rushwa. Kaka mmoja, kichwa kweli kweli, hata mimi huwa naazima desa zake, akasimama akasema haiwezekani. Eti rushwa ni grisi, na mashine kubwa bila grisi haizunguki. Kampuni ya Ulaya ikikataa kutoa, ya Asia itatoa. Mkataba utakwenda kwa aliyetoa, na aliyekataa atabaki na maadili yake na wafanyakazi wasio na kazi. Watu wakapiga meza kushangilia. Muda ukaisha, kila mtu akakimbilia kafeteria kuwahi foleni.

Mimi nakataa. Na sikatai kwa sababu eti ni mlokole wa maadili kuliko wenzangu. Nakataa kwa sababu nasomea kufundisha biashara na utunzaji wa vitabu vya hesabu, na kila ninapozisoma kesi hizi naona kitu kilekile kinajirudia. Rushwa kubwa haiji na bahasha. Inakuja na ankara. Ina namba, ina tarehe, ina maelezo ya huduma iliyotolewa, na inaingia kwenye leja kama malipo mengine yote. Sasa kitu kinachoingia kwenye leja kinaweza kuonekana, na kinachoonekana kinaweza kuzuiwa. Mtu akitaka.

Tatizo letu Wabongo tukisikia neno rushwa, picha inayokuja ni ya trafiki barabarani na noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Hiyo tumeipa majina mengi: chai, kitu kidogo, mlungula, ya soda. Ipo na inauma, hasa kwa mtu ambaye hana hata hiyo ya soda. Lakini rushwa ya mikataba ya kimataifa ina majina yaliyovaa suti: kamisheni, ada ya ushauri, huduma za kitaalamu. Mara nyingine jina linakuwa la kuchekesha kabisa. Desemba 2014 mahakama ya London iliitia hatiani kampuni ya uchapaji ya Uingereza inayoitwa Smith & Ouzman, iliyotoa hongo ipate kazi za tume ya uchaguzi na baraza la mitihani kule Kenya. Kwenye mawasiliano yao hongo iliitwa "kuku". Kuku jamani! Wenzetu Wakenya wakaligeuza jina hilo kuwa utani wa mtaani, lakini aliyemlipia huyo kuku ni mlipa kodi.

Sasa tuchukue kesi ambayo sote tunaijua kwa jina, ingawa ilipoanza wengi wa rika langu tulikuwa hatujazaliwa. Rada.

Kwa kifupi ni hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali yetu iliingia mkataba wa kununua rada kutoka BAE Systems, kampuni kubwa ya silaha ya Uingereza, na bei ikawa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ililalamika kwamba bei ni kubwa na mtambo wenyewe haufai sana kuongozea ndege za abiria. Ndani ya serikali ya Uingereza kwenyewe Clare Short, aliyekuwa waziri wa maendeleo ya kimataifa, alipinga waziwazi. Haikusaidia. Desemba 2001 serikali ya Tony Blair ilitoa kibali rada iuzwe. Kumbuka huo ndio mwaka ambao nchi yetu ilikamilisha masharti ya kusamehewa madeni kama nchi maskini yenye mzigo mkubwa. Ada ya shule za msingi ilikuwa inafutwa, watoto wanamiminika madarasani, wanakaa chini kwa sababu madawati hayatoshi. Nchi inasamehewa deni kwa mkono mmoja, kwa mkono mwingine inauziwa rada kwa mkopo.

Miaka ikapita. Taasisi ya Uingereza inayochunguza makosa makubwa ya ulaghai ikaanza kufukua. Desemba 2010 kesi ikafika mahakamani London, na hapa ndipo mwanafunzi wa hesabu anapokaa vizuri kwenye kiti. Ilionekana kwamba katika biashara hiyo ya pauni milioni 28, kampuni ililipa dola milioni 12.4 kwa kampuni za dalali mmoja aliyekuwa akifanyia shughuli zake hapa kwetu. Sehemu kubwa sana ya fedha hizo haikupita njia ya mbele. Ilipita kwenye kampuni iliyoandikishwa Visiwa vya Virgin vya Uingereza, ikaishia kwenye kampuni ya dalali iliyoandikishwa Panama. Na kwenye vitabu vya hesabu malipo hayo yaliandikwaje? Huduma za kitaalamu.

Hebu tulia hapo kidogo. Dola milioni 12.4 kwa fedha za wakati ule ni karibu theluthi moja ya bei ya rada. Wewe ukienda kununua friji Kariakoo, dalali akakwambia theluthi ya bei ni yake kwa kukuonyesha duka, utamkimbia. Hata jaji alisema kuamini kwamba yule bwana alikuwa mshawishi tu aliyelipwa vizuri ni ujinga wa kupitiliza.

Lakini kosa ambalo kampuni ilikiri halikuwa rushwa. Soma tena. Kosa walilokiri ni kutotunza kumbukumbu za hesabu za kutosha kueleza malipo yale. Faini yake ikawa pauni laki tano. Na kwa makubaliano na wachunguzi, kampuni ikaahidi kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Jaji mwenyewe alilalamikia mpango huo, kwa sababu kila pauni ambayo angeiongeza kwenye faini ingepungua kwenye fungu la Watanzania. Yaani alibanwa. Akiadhibu sana, anawanyima maskini.

Hizo pauni milioni 29.5, zaidi ya shilingi bilioni 70 kwa kiwango cha wakati ule, ndizo Watanzania waliziita "chenji ya rada". Makubaliano ya namna ya kuzileta yalitiwa saini 2012, na zikapelekwa kwenye shule za msingi: vitabu vya kiada, miongozo ya walimu, mihtasari, madawati. Mimi nilikuwa mmoja wa watoto wale. Nakumbuka vitabu vipya vinashushwa, vinanukia wino, tukaambiwa tuvijalidi kwa magazeti na atakayechana atamleta mzazi. Tulishukuru kweli. Hatukujua tunamshukuru nani.

Leo najua, na shukrani imebadilika ladha. Kosa lilikuwa la vitabu, yaani vitabu vya hesabu, na limelipwa kwa vitabu. Mtoto wa darasa la tatu amekabidhiwa kitabu cha Hisabati kwa sababu kuna watu wazima wenye digrii na suti waliokataa kuandika hesabu ya kweli. Ndiyo maana neno chenji linanikera. Chenji unarudishiwa na muuzaji ulipompa noti kubwa, mnaachana kwa amani. Zile zilikuwa fedha zetu, zilizochelewa karibu miaka kumi, na zilizorudi bila maelezo ya nani alikula.

Maana hilo ndilo shimo lililobaki. Upande wa mtoaji tumepata japo nusu ya ukweli. Upande wa mpokeaji je? Aprili 2008 Andrew Chenge, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wakati wa mkataba wa rada, alijiuzulu uwaziri baada ya kujulikana kwamba ana akaunti yenye karibu dola milioni moja kisiwani Jersey. Yeye aliziita vijisenti, na Kiswahili kikapata neno ambalo halitakufa. Alikanusha kwamba fedha hizo zilihusiana na rada, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa jambo la rada, kwa hiyo nami siwezi kumhukumu hapa. Ninachosema ni kwamba dola milioni 12.4 ziliondoka, kampuni ikalipa, shule zikapata vitabu, na mpaka leo mtoto akiuliza "Mwalimu, sasa nani alipewa?" sina jibu la kumpa. Kesi ya rushwa yenye mtoaji bila mpokeaji ni kama ndoa yenye bwana harusi peke yake.

Mtu ataniambia, hayo ni ya zamani, sheria zimebadilika. Ni kweli zimebadilika, na hili ni zuri kulijua. Uingereza ilipitisha sheria mpya ya rushwa mwaka 2010, ikaanza kutumika Julai 2011. Ndani yake kuna kosa moja ambalo mimi naliona ni la akili sana: kampuni kushindwa kuzuia rushwa. Zamani mkurugenzi angesema, "Aah, ni yule wakala wetu kule Afrika, mimi sikujua." Siku hizi kutojua hakutoshi. Wakala wako akihonga ili kampuni yako ipate biashara, kampuni inawajibika, isipokuwa ithibitishe kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia. Yaani ilimchunguza wakala, ilifundisha watu wake, ilifuatilia malipo. Mzigo wa kujieleza umehamishwa mabegani kwa kampuni.

Na cha ajabu, kampuni ya kwanza kufikishwa mahakamani kwa kosa hilo na kumaliza kwa makubaliano chini ya utaratibu mpya wa Uingereza ilifika pale kwa biashara iliyofanyika hapa hapa Dar. Novemba 2015, benki ya Standard Bank. Tanzania ilitaka kukopa dola milioni 600 kwa njia ya hati fungani. Ada ya kuitafutia serikali mkopo huo ilikuwa iwe asilimia 1.4. Baadaye ikapanda hadi asilimia 2.4. Ile asilimia moja iliyoongezeka, dola milioni 6, ikaenda kwa kampuni ya hapa nchini iliyoitwa EGMA, ambayo mwenyekiti wake alikuwa mkuu wa mamlaka ya mapato wa wakati huo. Kazi gani iliyofanywa na EGMA kwa dola milioni 6? Mahakama ya London haikuona ushahidi wa kazi yoyote ya maana.

Fedha ziliingia kwenye akaunti ya EGMA Machi 2013, na ndani ya siku chache sehemu kubwa ikawa imetolewa taslimu. Taslimu, wadau! Nani anabeba mamilioni ya dola taslimu kwa kazi halali? Na sasa sikiliza sehemu ninayoipenda. Walioshtuka hawakuwa wapelelezi wa London wala waandishi wa habari. Walikuwa wafanyakazi wa benki, hapa hapa Tanzania. Waliona zile hundi za kutolea fedha, wakauliza, swali likapanda ngazi hadi makao makuu, na benki yenyewe ikajisalimisha kwa wachunguzi. Mwisho ikalipa dola milioni 25.2 za adhabu na faida iliyonyang'anywa, na Tanzania ikarudishiwa dola milioni 6 pamoja na riba, jumla milioni 7.

Fananisha kesi hizi mbili. Ya rada ilichukua karibu miaka kumi toka kibali cha kuuza hadi hukumu. Ya hati fungani ilichukua chini ya miaka mitatu toka fedha kutolewa hadi hukumu. Tofauti kubwa ni kwamba kwenye kesi ya pili kulikuwa na mtu kaunta aliyetazama karatasi akasema hii haikai sawa, na kulikuwa na sheria iliyoifanya benki iogope kunyamaza. Ndiyo maana nasema rushwa ya kimataifa inazuilika. Imeshazuiliwa kwa kalamu ya mtu ambaye mshahara wake huenda haufiki hata robo ya kiinua mgongo cha bosi wake.

Turudi kwa kaka wa grisi. Hoja yake ya kwanza, kwamba kampuni isiyotoa itakufa. Wajerumani waliamini hivyo sana. Hadi mwaka 1999 kampuni ya Ujerumani iliweza kuhonga nje ya nchi na kuiondoa hongo hiyo kwenye mapato yanayotozwa kodi, kama gharama ya umeme. Mwaka 2008 Siemens ikaumbuka. Ilibidi ilipe takriban dola bilioni 1.6 kwa mamlaka za Marekani na Ujerumani kwa sababu ya hongo iliyotapakaa mabara kadhaa. Baada ya hapo ikafumua uongozi na kusuka upya taratibu za malipo. Je, ilikufa? Haikufa. Mpaka leo inauza treni dunia nzima. Mashine inazunguka.

Hoja yake ya pili, kwamba hiyo ni grisi. Sawa, tukubali ni grisi. Nani anainunua? Grisi ya dola milioni 6 haikutoka mfukoni kwa benki, ilikatwa kwenye fedha tulizokopa. Na mkopo ule tuliulipa pamoja na riba, kwa hiyo tuliilipia hongo, tukailipia na riba juu. Grisi ya rada iliingia kwenye bei ya rada. Mtoaji anatoa kwa mkono wake, lakini fedha ni za mnunuzi, na mnunuzi ni wewe na mimi na bibi anayenunua vocha ya jero kijijini. Ukishaona hivyo, ule ukarimu wote wa "kulainisha" unageuka kuwa mtu anakuibia pochi halafu anakununulia soda.

Hoja ya tatu, kwamba ukikataa wewe atatoa mwingine. Hii ndiyo yenye uzito na siwezi kuipuuza. Ndiyo maana nchi zilikaa pamoja. Marekani ilitangulia 1977 baada ya kashfa za miaka ile, ikiwemo ya Lockheed iliyofanya waziri mkuu wa zamani wa Japani akamatwe 1976. Ikapiga marufuku kampuni zake kuhonga maofisa wa nchi nyingine. Kampuni za Marekani zikalia miaka ishirini kwamba wanashindana na Wazungu wenzao huku mikono imefungwa. Mwishowe Desemba 1997 nchi tajiri zikasaini mkataba wa pamoja, ukaanza kazi 1999. Yaani dawa ya "atatoa mwingine" ni kumfunga na huyo mwingine.

Lakini tusiwategemee. Februari 2025 Rais Trump aliamuru utekelezaji wa ile sheria ya 1977 usimamishwe upitiwe upya, akisema unaziumiza kampuni za Marekani kwenye ushindani. Juni mwaka huohuo wakatoa mwongozo mpya na kazi ikaendelea, ila kwa jicho jembamba zaidi, la kuangalia kwanza maslahi ya Marekani. Siwalaumu sana. Sheria ni yao, inalinda kwao. Mimi nashangaa sisi. Kila kesi kubwa tunayoisimulia, ushahidi umetoka London. Hivi siku London wakiamua kulala, sisi tutajuaje tumeibiwa? Mwenye shamba anapotegemea mbwa wa jirani abweke, asishangae jirani akihama na mbwa wake.

Basi mimi na akili yangu ya mwaka wa tatu napendekeza haya.

Kwanza, dalali atajwe. Kampuni yoyote ya nje inayoomba kazi ya serikali iandike kwenye zabuni yake nani wakala wake, analipwa kiasi gani, kwa kazi gani, kwenye akaunti ya nchi gani. Akilipwa zaidi ya kilichoandikwa, mkataba uvunjike. Zabuni za serikali sasa zinapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST, ambao ulianza 2023, kwa hiyo sehemu ya kuyaandika hayo ipo. Tukifanya hivi, ile asilimia moja ya EGMA ingebidi ielezwe kwa maandishi kabla ya mkopo, na wala isingesubiri mtu wa kaunta ashtuke.

Pili, mwenye kampuni ajulikane. Tangu 2020 sheria yetu inazitaka kampuni ziwaandikishe BRELA wamiliki wake halisi, wale wanaofaidi, hata kama kwenye karatasi ni jina la shemeji. Hatua nzuri sana. Sasa daftari hilo lifunguliwe kwa kila mwananchi, mwanahabari na mwanafunzi alisome kama anavyosoma matokeo ya kidato cha nne. Dalali wa Panama anaishi kwa giza.

Tatu, anayeuliza alindwe. Sheria ya kuwalinda watoa taarifa tunayo toka 2015. Lakini karani wa leo akiona ankara ya "huduma za kitaalamu" isiyoeleweka anawaza kwanza ada ya mtoto na kodi ya nyumba. Akiamini kwamba akiuliza atahamishiwa mikoani, atapiga muhuri. Sheria ipo kwenye karatasi, ujasiri unahitaji mfano. Tuwape tuzo watu kama wale wa benki, tuwataje kwenye sherehe kama tunavyowataja wachezaji wa mpira.

Nne, kesi ikiisha nje, ianze hapa. Fedha zikirudi, zije na majina. Wakileta vitabu tutashukuru, lakini ndani ya boksi la vitabu pawe na faili la ushahidi, na faili hilo liende TAKUKURU na mahakamani, lisiende kabatini.

Tano, na hili ni la kwetu walimu. Shuleni tuna klabu za wapinga rushwa. Tumeimba sana kwamba rushwa ni adui wa haki. Ni vizuri, ila mtoto anatoka pale anajua kumkwepa trafiki, hajui kusoma ankara. Mimi nikipata ajira (tuombeane wadau, hali mnaijua) somo langu la vocha na leja nitalifundisha kwa rada. Nitawapa wanafunzi ankara tano: za karatasi, za mafuta, za saruji, za usafiri, na moja ya "ushauri wa kitaalamu" bila jina la mshauri, bila ripoti, imelipwa kwenye akaunti ya visiwa ambavyo hawajawahi kuvisikia. Nitawaambia watafute isiyokaa sawa. Mtoto wa kidato cha pili ataiona kwa dakika tano. Nina uhakika. Tofauti yake na mhasibu mkuu ni kwamba mtoto hajafundishwa bado kutoiona.

Hilo ndilo linalonifanya nisiamini kwamba rushwa hii ni maumbile ya biashara, kama mvua au malaria. Malipo yale ya rada yaliandikwa na mtu, yakaidhinishwa na mtu, yakakaguliwa na mtu. Kila mmoja kati yao alikuwa na nafasi ya kuuliza swali la darasani kabisa: huduma gani, imetolewa lini, uko wapi uthibitisho? Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza akasikilizwa. Siku moja benki kuna mtu akauliza, na dola milioni 7 zikarudi nyumbani.

Kwa hiyo wewe unayesomea uhasibu, sheria, ununuzi, uhandisi, na sisi wa chaki: karatasi zitafika mezani kwetu, si muda mrefu kutoka sasa. Nauliza tu, ikifika ile yenye maneno mazuri na maelezo mafupi, utapiga muhuri au utauliza? Na kama una njia bora kuliko hizi tano zangu za kumbana dalali, ilete tujadili, hata ukinipinga poa tu.

Naomba kuwasilisha.